Sema Basi, Mzee

"Sema 'mkate', Baba."

"M-m-m-m..." Baba mtu akafumba macho. Mishipa ya shingo ikamtoka, mguu wa kulia ukaanza kugonga sakafu kama wa mtu anayekanyaga cherehani. "M-mkate."

"Safi. Sema tena."

Binti alikuwa amesogeza simu karibu na midomo ya baba yake hadi ikakaribia kugusa masharubu. Ilikuwa Jumapili mchana. Madirisha ya sebuleni yalifungwa kwa amri ya binti, kelele za nje zisiingie, na joto lilikuwa limewalowanisha wote wawili. Mama, ambaye siku sita za wiki hufua mashuka ya hospitali, aliambiwa azime feni, akazima. Akaambiwa asioshe vyombo kwanza, akakaa jikoni mikono mapajani kama mgeni aliyekuja kuhani.

Baba alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Gerejini walimwita Redio, kwa sababu, walisema, hukamata mawimbi kwa taabu. Mteja aliyetaka kujua bei hakumngoja Redio ajibu. Aliinua vidole, Redio akaitikia kwa kichwa au akakataa, na miaka nenda miaka rudi biashara yake yote ilikwenda kwa vidole namna hiyo. Sasa mwanawe wa pekee, ambaye kwa wembamba na makali ya ulimi yeye mwenyewe alimbandika jina la Sindano, yuko mwaka wa mwisho chuoni, anasomea kutengeneza gemu za kompyuta, na katika sauti zote za dunia anaitaka ya baba yake. Redio alijiona ameongezeka urefu kwa inchi mbili.

"Ni sau-sauti ya nani hiyo?" aliuliza.

"Mhusika wangu. Fundi mmoja hivi. Mtu mzuri sana."

Kuhusu masomo ya binti yake alijua machache. Mwaka wa kwanza Sindano alisema anashinda akiandika kodi, yale maagizo ya kompyuta, na wazazi wakaumia kimoyomoyo wakidhani mtoto amepanga chumba cha siri. Mwaka wa pili Mama aliuliza, "Hivi kweli mtu anakwenda chuo miaka mitatu kusomea mchezo?" na Sindano akajibu kwamba ni kutengeneza mchezo, siyo kucheza, na kwamba tofauti yake ni kama ya kupika na kula. Mama akasema anayepika naye hula. 

Orodha ilikuwa na maneno zaidi ya arobaini, yamechanganywa bila mpangilio. Mkate. Shusha. Haraka. Namba. Mke. Kesho. Geti. Samahani. Fungua. Yaliyotoka vizuri Sindano aliyafuta, akaomba yarudiwe. Redio aliliona hilo, lakini akadhani ni mambo ya mitambo.

"Nimeha-haribu?" aliuliza walipomaliza.

"Hapana, Baba. Umekuwa mzuri kuliko nilivyotegemea."

* * *

Siku ya maonyesho ya chuo, Redio aliwahi gerejini kumalizia kiti cha dereva wa lori, akajisafisha gundi mikononi kwa petroli na kuvaa koti mbele ya kioo cha gari la mteja. Jirani yake wa kazi, mnyoosha bodi ambaye watu wote walimwita Mpiga Bati, aliacha nyundo hewani.

"Redio! Unaoa tena?"

"Na-nakwenda kusikia sau-sauti yangu."

"Basi chukua betri za akiba!"

Gereji nzima ikacheka, Redio naye akacheka. Alikuwa amejifunza zamani kwamba ukicheka nao wanamaliza mapema.

Ukumbi wa chuo ulikuwa na meza kama ishirini, kila meza na kompyuta yake na mwanafunzi wake aliyevaa kitambulisho shingoni. Meza nyingi zilikuwa na watu wawili watatu wanaotazama kwa adabu. Moja, kule pembeni, ilikuwa imezingirwa kama kuna ajali. Redio na mkewe hawakuhitaji kuuliza ya mtoto wao ni ipi, kwani walimsikia Redio kabla hawajamwona. Sauti yake ilitoka kwenye spika mbili kubwa, ikajaa hadi darini: *M-m-m-m-m...*

Halafu kicheko.

Walisogea. Kwenye skrini alisimama mwanamume aliyechorwa na kichwa kikubwa kama boga, aproni ya fundi kiunoni, masharubu kama ya Redio. Mchezaji alitakiwa kubonyeza kitufe kwa mapigo maalumu ili neno litoke. Akikosea, neno linakwama, mashavu ya yule mtu yanavimba kama puto, macho yanatoka, mguu wa kulia unagonga chini puku puku puku, na watu waliochorwa nyuma yake kwenye foleni wanapiga kelele kwa pamoja, "Sema basi, mzee!" Wanafunzi ukumbini walishaikariri. Kila neno lilipokwama nao waliitikia, "Sema basi, mzee!" wakashikana mabega kwa kucheka.

Kijana mmoja alimgeukia Redio, macho yamejaa machozi ya furaha. "Mzee, hii kitu utacheka ufe."

Redio alitabasamu. Nini kingine angefanya? Alikuwa amezoea kuchekwa na watu. Kilichomshangaza ni ule ufundi. Mwanawe alikuwa ameona mguu unavyogonga, na kwamba hufumba jicho la kushoto kabla ya la kulia. Hakujua kama alikuwa akitazamwa kwa makini kiasi hicho mezani kwake, akila.

Mchezaji akanunua mkate. Akapokea simu ya bosi. Kisha skrini ikaingia giza, maandishi yakatokea: *Hatua ya mwisho: Geti.*

Mama alimshika mumewe mkono wa koti.

Kwenye skrini kulikuwa na gari, na kiti cha nyuma mwanamke amelala, tumbo kubwa, kichwa kimeangukia pembeni. Mbele kuna geti la chuma na kibanda. Bawabu anachungulia dirishani: "Nani? Shida gani?" Juu ya skrini moyo mdogo mwekundu unapiga, na kila pigo unafifia. Mchezaji alitakiwa kuisema sentensi moja kabla moyo haujazimika.

*M-m-mke... wa-wa-wa...* Ilikuwa sauti ya Redio, neno moja moja, yale maneno ya Jumapili, mke na fungua na geti na haraka, yameokotwa na kushonwa pamoja.

Ilikuwa imetokea hivyo hivyo, miaka ishirini na mitatu nyuma. Gari la kuazima, mke amezimia nyuma, bawabu wa hospitali anauliza shida gani. Redio alifungua mdomo na neno likagoma. Akatoka, akashika nondo za geti, akagonga kwa mguu na kwa ngumi, huku mdomo umeachama na hakuna kinachotoka ila mate. Bawabu akamwona mlevi, akarudi kibandani. Mpaka muuguzi aliyekuwa anatoka zamu alipochungulia ndani ya gari, mtoto, wa kiume, alikuwa amekwisha. Mume na mke hawakuwahi kulizungumza jambo hilo tangu walipomzika.

"Sema basi, mzee!" waliimba wanafunzi.

Moyo ukazimika. Maandishi yakatokea: *Mwanao amekufa. Jaribu tena?*

"Aaaaah!" ukumbi uliguna kwa pamoja, kisha ukacheka kwa kuguna kwake, na mchezaji akabonyeza *Jaribu tena*.

Hapo ndipo Sindano alipowaona. Alikuwa amewaambia waje saa nane, wao wakaja saa tano kwa hamu. Uso ulimshuka. Lakini mwalimu wake wa mradi, mtu mfupi mwenye sauti ya mnadani, alifuata macho yake, akamtazama Redio, akaitazama skrini, akamtazama Redio tena, na akapiga makofi.

"Jamani! Jamani, tulieni! Hebu oneni masharubu haya! Mzee mwenyewe huyu hapa! Mpisheni, mpisheni acheze!"

"Mwalimu, hapana," alisema Sindano, kwa sauti ndogo.

Kukataa kunataka maneno. Redio aliinua mkono, mikono mingine ikaudaka ikidhani anakubali, na kufumba na kufumbua amekalishwa kwenye kiti, kibodi mbele yake, simu za watu zimeinuliwa kumpiga picha. Wakamweka moja kwa moja kwenye geti. Mwanamke akalala kiti cha nyuma. Bawabu akachungulia.

Vidole vya Redio ni vyepesi. Hushona ngozi ngumu bila kutazama. Alibonyeza. Akapata neno la kwanza, akapata la pili, na ukumbi ukaanza kumshangilia kama mpirani. La tatu likakwama. Alibonyeza kwa nguvu zaidi, na bila kujua mguu wake wa kulia ukaanza kugonga sakafu, sambamba na mguu wa yule mtu wa kwenye skrini, puku puku puku, na hapo ukumbi ulivunjika mbavu kabisa.

*Mwanao amekufa. Jaribu tena?*

Redio alibaki ameikodolea macho skrini. Msichana mmoja mwenye huruma alipitisha mkono juu ya bega lake, akambonyezea kitufe.

* * *

"Nilikusimulia wewe kama mwanangu," alisema Mama. "Ulikuwa unaumwa, ukaniuliza kwa nini huna ndugu, nikakusimulia. Nilikwambia usimwambie mtu. Nilikwambia au sikukwambia?"

Walikuwa wamekaa sebuleni, jioni ile ile. Koti la Redio lilikuwa bado mwilini. Juu ya meza kulikuwa na cheti cha kadi ngumu: mradi bora wa mwaka.

"Ulinambia."

"Sasa?"

"Mama, mwanzo haikuwa hivi. Nakuapia. Mwanzo haikuwa ya kuchekesha hata kidogo. Nilitaka mtu akicheza aone Baba anayoyapitia. Hakukuwa na kelele za watu, hakukuwa na saa. Nikaipeleka darasani. Wakaicheza dakika mbili, wakatoa simu zao. Mwalimu akaniuliza mbele ya watu, 'Hii atacheza nani? Mama yako?' Akasema mchezo wa huzuni ni mkutano wa mazishi, na mazishini watu huenda kwa kulazimishwa. Alisema nikiiacha ilivyo nitarudia mwaka."

"Ungerudia."

"Kwa ada ya nani?"

 Mikono ya Mama, iliyoliwa na dawa za kufulia hadi kucha zikabadilika rangi, ilikuwa ndiyo jibu, na wote watatu waliiona pale ilipokuwa.

"Na wamecheka," Sindano aliendelea, sauti ikipanda, "ndiyo, wamecheka, lakini wameicheza. Watu mia mbili leo wamesimama pale getini. Nani mwingine aliwahi kusimama pale getini na Baba?"

"Mimi," alisema Mama. "Nilikuwa kiti cha nyuma."

Redio akainua mkono. Wakanyamaza wote wawili, kama desturi ya nyumba ile, kumpa nafasi.

"Li-li-li..." Mishipa ikamtoka. "Li-ki-ki-ki..."

"Likiwa limekuumiza nikuombe radhi?" Sindano alisaidia. "Naomba radhi, Baba. Kweli naomba."

Redio alitikisa kichwa. Alifumba macho, kushoto kwanza. "Li-likifu-fu-funguka. Ge-geti. Nda-ndani kuna ni-nini?"

Sindano alimtazama asielewe, kisha akaelewa. Akaanza kuchezea ncha ya kile cheti.

"Hakuna kitu, Baba."

"Hakuna?" aliuliza Mama.

"Geti halifunguki. Nilitaka kuitengeneza hiyo sehemu, daktari na kitanda na nini, lakini muda ulikuwa umekwisha. Ikabidi niyapandishe mapigo yawe ya kasi ambayo hakuna mtu anaweza kuyamaliza." Aliinua macho. "Na mwalimu akasema ni bora. Mtu akishinda anaacha kucheza."

* * *

Wiki haikuisha. Mtu aliyerekodi pale ukumbini alirusha picha zake, zikatoka simu hii zikaingia ile, na Jumatano Redio alipofika gerejini alikuta mafundi wamekizunguka kiti chake cha kazi.

"Mheshimiwa!" Mpiga Bati aliinama hadi magotini. "Kumbe tunafanya kazi na nyota! Hebu tuonyeshe ule mguu. Mguu tu, hatutaki maneno."

Akausukuma mguu wake mwenyewe puku puku chini, na mafundi wakaitikia kwa sauti moja, "Sema basi, mzee!" Hata mteja aliyekuja na kiti kilichochanika, mama mmoja wa makamo, aliyemjua Redio kwa adabu yake, aligeukia pembeni kuficha kinywa. Kuhusu geti hakuna aliyeuliza. Walidhani ni hadithi ya kutunga.

Alhamisi kampuni ikampigia Sindano. Walitaka kuinunua gemu, na walitaka kumwajiri mtengenezaji wake kuanzia mwezi ujao, mshahara ambao Mama alipoutajiwa aliomba aambiwe mara ya pili. Katika darasa zima la watu thelathini na sita, kampuni ilikuwa imeulizia jina moja tu. Kulikuwa na sharti. Sauti zilizorekodiwa nyumbani hazikuwa safi, kuna mlio wa friji kwa nyuma. Mzee aje studio, arudie. Hasa ile sentensi ya geti, waipate nzima, siyo vipande vya kuunganisha.

"Hendi mtu," alisema Mama.

Sindano hakubisha. Alikaa chini, kwenye sakafu, karibu na miguu ya baba yake kama alivyokuwa akikaa utotoni akimwokotea nyuzi, na akaanza kulia bila kelele. Alilia kweli. Hata Mama aliona kwamba analia kweli, na jambo hilo likamkasirisha zaidi.

Redio alimtazama utosini. Alifikiri kwamba gereji imeshacheka, ukumbi umeshacheka, na kinachobaki cha kuficha ni nini? Kikombe kikishavunjika hakuna haja ya kukibeba kwa mikono miwili. Na tena alifikiri, akaona haya kufikiri hivyo, kwamba huenda wakubwa wa kampuni wangekuwa na muda, na mtu akiwaomba vizuri wangeweza kuweka kitu nyuma ya geti.

"Ni-nitakwenda," alisema.

* * *

Chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo kama choo, kuta zote zimebandikwa sponji. Redio aliigusa akaona imegundishwa ovyo, pembe zinabanduka. Walimvika spika za masikioni, wakamsimamisha mbele ya kipaza sauti, wakamwekea karatasi yenye sentensi kwa herufi kubwa, wakatoka na kufunga mlango. Mlango ulikuwa mzito. Ulipojifunga, dunia nzima ilikatika.

Alikuwa hajawahi kusikia kimya cha namna ile. Upande wa pili wa kioo aliona fundi wa sauti, kijana mwenye kofia, mbele ya mitambo yake, na Sindano amekaa pembeni yake, kitambulisho kipya cha kampuni kifuani. Midomo yao ilikuwa inacheza lakini haikuwa na sauti.

Kisha sauti ya yule kijana ikamwingia masikioni: "Mzee, ukiwa tayari. Soma tu."

Redio alipumua, na pumzi yake mwenyewe akaisikia masikioni, karibu, kama ya mtu aliyesimama naye bega kwa bega. Akafungua mdomo.

"Mke wangu anajifungua. Fungua geti, haraka."

Ilitoka. Ilitoka yote, laini, kama uzi unavyopita kwenye ngozi iliyokwisha kutobolewa. Hakufumba macho. Mguu ulikuwa umetulia. Aliisikia masikioni sauti ya mwanamume mtu mzima, ya upole, yenye haki ya kusikilizwa, na ilimchukua muda kutambua kwamba ni yake. Akasema tena, bila kuambiwa, kwa nguvu zaidi: "Mke wangu anajifungua! Fungua geti!"  Alishika kile chuma cha kipaza sauti asianguke, machozi yanamtiririka hadi kwenye masharubu, na alitazama kioo akimtafuta mwanawe, aone kama amesikia.

Sindano alikuwa amesimama. Mkono ulikuwa mdomoni. Kwa muda kidogo alikuwa mtoto wake.

Fundi wa sauti akabonyeza kitufe. "Hapana, mzee. Hiyo haitufai."

Redio hakuelewa.

"Umesema vizuri mno. Tunataka ile yako. Ile ya kukwama."

Redio alitikisa kichwa polepole. Hakuwa anakataa. Alitaka kuwaambia kwamba mle ndani haipo, haiji, hajui imekwenda wapi. Kijana alimgeukia Sindano, akamwonyesha saa ya mkononi. Walizungumza. Sindano akatazama chini, akafuta uso kwa kiganja, kisha akainamia kipaza sauti cha upande wao.

"Baba," alisema, "nifuatishe mimi."

Akafumba macho, kushoto kwanza. Mishipa ikamtoka shingoni. "M-m-m-mke wa-wa-wangu a-ana-na..." Nyuma ya kioo mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga. Alikuwa hodari. Hapakuwa na mtu duniani ambaye angeweza kuifanya vizuri kuliko yeye. "Hivyo tu, Baba. Kama kawaida yako. Halafu twende nyumbani."

 Redio akafumba macho, akamfuatisha, kama mtoto anayefundishwa kusoma.

"Imekaribia," alisema fundi wa sauti. "Tena."

Akarudia. Wakamwambia avute zaidi lile neno la kwanza, akalivuta. Wakamwambia asisahau mguu. Mara ya tano walisema bado inasikika kama anaigiza. Ya saba alifungua mdomo na neno likagoma, likagoma kabisa, pumzi ikaganda kifuani na mikono ikaanza kupapasa hewa ikitafuta nondo za kushika, na upande wa pili wa kioo kijana mwenye kofia akatabasamu, akamgusa Sindano begani, akainua dole gumba.